Mtoto wa Kwenu

Siku walipokuja kuamua Syntiche akaishi wapi, kila upande wa ukoo ulifika umebeba desturi ya upande wa pili. Usicheke. Kwao ilikuwa kazi nzito, maana maisha yao yote walikuwa wamezisema vibaya desturi hizo hizo.

Viti vya plastiki viliazimwa kwa jirani vikapangwa sebuleni, katika nyumba yao ya mtaa wa Naviundu. Kitanda cha Syntiche kilikuwa pale pale sebuleni, kando ya ukuta, kwa kuwa mlango wa chumba chake ulikuwa mwembamba na kiti cha magurudumu hakikupita. Kwa hiyo wageni walikaa wakimzunguka kama watu waliofika msibani, ila huyu waliyemzunguka alikuwa na macho, na alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

Basi alilopanda akirudi kutoka Likasi lilikuwa limepinduka, likamvunja shingo. Miguu haikumsikia tena. Mikono ilikunjika kwenye viwiko, lakini vidole vilikataa kazi. Simu aliibonyeza kwa kifundo. Zamani aliuza dawa katika duka moja la katikati ya mji, akisimama kutwa nzima na kulalamika kwamba miguu inamuuma. Siku hizi akikumbuka malalamiko hayo alitaka kujizaba kofi, na hilo nalo hakuliweza. Akili ilikuwa nzima. Ulimi ulikuwa mzima zaidi, na wapo ndugu walioona hiyo ndiyo ajali yenyewe.

Aliyeitisha kikao alikuwa Mwaba, kiné aliyemnyoosha viungo tangu akiwa hospitali. Juma lililopita alikuwa amekaa kando ya kitanda akamwambia bila kuzunguka.

“Syntiche, ku hôpital balisha kumaliza kazi yabo. Sasa inabakia maisha, na maisha yako inaweza kuwa murefu. Inaomba plan. Nani atakugeuza kila masaa mawili, nani atachunga mupira ya mukojo, nani atakuogesha. Na siku mama yako ataanguka, nani?”

“Mama hajaanguka.”

“Umesikia vile anainuka pale chini? Mugongo yake inalia.”

Kisha akamtajia Aaron, na hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Aaron alikuwa kijana waliyefanya naye mazoezi, amevunjika kama yeye, mcheshi, anayejua kuimba kwa mluzi. Ukoo wake ulikata shauri akapumzike kijijini, mbali, penye hewa safi. Hewa ilikuwepo kweli. Mtu wa kumgeuza hakuwepo. Vidonda vilimla kiunoni mpaka mfupa, na kabla mvua hazijarudi walikuwa wamemzika. Tangu siku alipopata habari hiyo, Syntiche alijua kwamba mtu akitamka neno “kijiji” mbele ya kitanda chake, amemtajia kaburi.

Sasa uwajue hao waliokuja. Upande wa kulia alikaa Donat, kaka mkubwa wa marehemu Paulin, baba yake Syntiche. Hao ni watu wa kaskazini, kutoka Kongolo, ambao babu zao walikuja na kazi ya reli wakabaki. Kwao mtoto ni wa baba na mjadala umefungwa. Upande wa kushoto alikaa Chishimba, kaka wa mama yake, Régine. Hao ni watu wa hapa hapa, waliolima ardhi hii kabla mtu hajaichimba. Kwao mtoto ni wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba, anayeitwa manseba. Katikati, na rozari mkononi, alikaa mzee Numbi, kiongozi wa shirika lao la kanisa hapo mtaani, aliyeitwa ili watu wasipigane.

Walikuwa na historia ya kupigana. Kabla ya ajali, Elisée, fundi wa umeme mwenye aibu nyingi, alikuja kujitambulisha ili amuoe Syntiche. Donat aligonga meza: mtoto ni wa baba, mahari yatapitia kwake. Chishimba akagonga meza hiyo hiyo: damu inatoka kwa mama, watu wa Kongolo ni wapita njia tu. Wazee wa Elisée wakapelekwa huku, wakarudishwa kule, kila nyumba ikiwaambia kuwa wamekosea mlango. Mwishowe Elisée alichoka akaenda kuoa Kolwezi. Syntiche alilia mwezi mzima, na wale wajomba na baba wakubwa, kila mmoja kwa wakati wake, wakaja kumwambia kwamba kosa lilikuwa la wale wengine.

Basi hao ndio waliokuja kumpenda tena.

Mzee Numbi alisali, sala ndefu iliyowataja wagonjwa wote wa dunia. Amina ilipotoka, Donat alikohoa.

“Bandugu,” alianza, kwa sauti laini ambayo Syntiche hakuwahi kuisikia kwake, “shiye bantu ba Kongolo tunaheshimiaka desturi ya bantu. Baba Chishimba, kwenu mutoto njo wa mama. Baba iko paka mugeni tu. Njo vile mulitufundishaka hapa hapa mu hii nyumba. Sasa miye nikamate mutoto wa bantu? Itakuwa bwizi.”

Chishimba alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Alikuwa mtu mnene, na heshima ilimtoa jasho.

“Baba Donat, unanifurahisha roho. Mais miye niko muntu wa aksanti. Ndugu yangu Régine aliolewa kwenu. Mutoto alibatizwa na jina yenu. Kwenu mutoto njo wa baba, ulisema weye mwenyewe, mpaka meza ilipasuka. Miye ni nani nivunje desturi yenu?”

“Tunakuachia.”

“Hapana, shiye tunakuachia weye.”

“Damu iko yenu, Manseba.”

“Jina iko yenu, Baba mukubwa.”

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa ukarimu, kama watu wanaosukumiana sahani yenye chakula kilichochacha. Syntiche alisikia uso ukimwaka moto. Hasira yake ilikuwa na pa kuanzia lakini haikuwa na pa kutokea. Mtu mwingine angeinuka, angepiga mlango, angemwaga maji. Yeye alikuwa na dari tu ya kutazama.

“Tena kule kwenu, njia ya Kasenga,” Donat akasema, “ku kijiji, kuko hewa muzuri. Atapumua.”

Hilo ndilo neno. Syntiche alimtazama mama yake. Régine alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, macho chini, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu ili kuukaza mgongo.

“Hewa haigeuzaka muntu mu kitanda,” Chishimba akajibu haraka, na ilikuwa kweli tupu, ila aliisema kwa kuogopa mzigo.

Mwaba, aliyekuwa amesimama nyuma ya viti, akaona mwanya. “Bakubwa, samahani. Mbele ya kusema wapi, tuseme nani. Saa ya kumugeuza imefika. Aje muntu mumoja kila upande, nibafundishe. Haiko kazi nguvu.”

Donat alishika kiuno. Mgongo wake, alieleza, ulikuwa umemsumbua tangu enzi za depo ya reli. Chishimba akasema kwao ni mwiko manseba kugusa miguu ya mtoto wa dada yake. Mwiko huo haukuwahi kusikika tangu watu wa kwao waanze kuwa na miguu.

“Docteur,” Donat akaongeza, “weye fundisha mifupa. Mambo ya famille, tuachie shiye.”

Régine aliinuka, kwa hatua mbili, kwanza magoti halafu mgongo, akaja kushika. Mwaba akashika mabega. Walimgeuzia Syntiche ukutani, wakaweka mto katikati ya magoti, wakaangalia ngozi. Nguo ilipanda kidogo. Mfuko wa mkojo ukaonekana ukining'inia. Wale wazee waliokuwa hawawezi kugusa waliweza kutazama. Hakuna aliyegeuza shingo. Syntiche, pua yake ikiwa karibu na rangi ya ukuta iliyobanduka, aliwachukia wote kwa moyo mmoja, hata mzee Numbi na rozari yake.

Akiwa ameelekea ukutani, akamsikia Chishimba akitoa karata yake ya mwisho.

“Tumalize, njaa inauma. Munaona vile ndugu yangu anakonda? Miye manseba ninamurudisha kwetu apumuzike. Mutoto abakie na benye mutoto. Régine, si vile?”

Syntiche hakuweza kugeuka. Lakini pale ukutani mama yake alikuwa ametundika kioo kidogo cha kujitazamia, na ndani ya kioo hicho alimwona Régine, pindo la kitenge likiwa mkononi, akikubali kwa kichwa. Mara moja tu, polepole, kama mtu anayesinzia.

Lilimchoma kuliko shingo ilivyovunjika. Donat alikuwa Donat na Chishimba alikuwa Chishimba. Hao alikuwa amewazoea. Lakini mama! Machozi yalitiririka hadi kwenye mto, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Basi hata huyu amechoka nami, akawaza. Halafu, kwa kuwa alikuwa hana la kufanya ila kuwaza, akakumbuka namna mama yake anavyoinuka, magoti kwanza, na kwamba tangu ajali ile hajawahi kumwona amelala usingizi wa mtu. Hasira haikupungua. Iligeuka tu na kutafuta mlango mwingine, na mlango ulikuwepo.

“Mwaba,” akasema, “nigeuze. Ninataka kubaona.”

“Dakika bado—”

“Nigeuze!”

Wakamgeuza, wakamwinua na mito. Donat alikunja uso. “Mugonjwa hasemaka mu réunion. Iko desturi.”

“Desturi ya nani, Baba mukubwa? Yenu ao yabo? Leo nimepotea.”

Kuna mtu alicheka puani. Huenda alikuwa Mwaba.

“Nitauliza kintu kimoja. Miye ni mutoto wa hii nyumba, ao hapana?”

“Tulisha kusema. Kufuatana na heshima ya—”

“Acha heshima. Ndiyo ao hapana?”

Donat alivuta pumzi, akatazama dari, akatazama mzee Numbi. “Hapana,” akasema. “Weye uko wa kwabo.”

“Aksanti. Sasa, baba Numbi.” Syntiche alimgeukia mzee wa shirika. “Siku ya kutoa kilio ya baba yangu, kumaliza matanga, ulikuwa hapa. Baba Donat alisimama pale pa mulango. Alisema nini juu ya kiwanja?”

Mzee Numbi alizungusha rozari. Alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani hawapendi kuulizwa maswali yenye majibu. “Alisema... alisema anachunga hii kiwanja. Haiko yake. Anachungia mutoto wa ndugu yake.”

“Mutoto gani? Baba alikuwa na batoto bangapi?”

“Paka weye mumoja, mama.”

Paulin alikuwa amejenga nyumba ile mwenyewe, mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma, na nyuma yake akajenga kijumba kingine kidogo cha kupangisha, anexe. Katika anexe hiyo Donat alikuwa amemweka Alexis, shemeji yake, eti alinde kiwanja. Alexis alikilinda kwa kulala. Hata siku ile ya kikao, redio yake ilikuwa ikisikika kutoka uani.

“Basi kama siko mutoto wa hii nyumba,” Syntiche akasema, “unachungia nani? Na kama niko mutoto wa hii nyumba, haunitoe. Chagua. Miye nitafurahia vyote viwili.”

“Njo vile!” Chishimba akaruka kwenye kiti, mikono juu. “Njo vile, mwana! Weye uko wabo, kabisa! Mutoto wa Kongolo!” Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyetua gunia.

“Nyamaza, weye!” Donat akamfokea, na laini yote ikaisha sautini. “Mulimufundisha! Weye na dada yako mulimupikia hii maneno!”

“Shiye? Shiye tunaheshimia desturi yenu!”

“Muchawi!”

“Mwizi wa kiwanja!”

Viti vilisogea. Mzee Numbi alianza Salamu Maria kwa sauti ya juu, akaiacha njiani. Mwaba alijiweka kati ya tumbo la mmoja na kidole cha mwingine. Syntiche aliwaacha wachoke, kisha akaendelea kana kwamba hakuna aliyemkatiza.

“Chagua, Baba mukubwa. Baba Numbi anasikia, na Jumapili anakutana na kila muntu.”

Donat alikuwa na sifa moja katika mtaa ule, na hiyo ilikuwa kukaa benchi la mbele kanisani. Alitazama rozari ya Numbi.

“Uko mutoto wa hapa,” akasema, kama mtu anayetema mfupa.

“Aksanti. Donc miye sitoke. Sitaenda ku kijiji, hata mukinipakia. Na Alexis atatoka mu anexe. Mule ataingia Bénie.”

Bénie aliuza makala, yaani mkaa, mwisho wa barabara. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mwenye nyumba wake alikuwa amemwambia ahame, na mikono yake ilikuwa imezoea magunia. Jioni alikuwa akija kuangalia Mwaba anavyofanya kazi, akajifunza kugeuza na kuosha mpira wa mkojo kuliko ndugu yeyote. Usimfanye malaika. Siku Syntiche alipomgusia jambo hilo, aliuliza kwanza kama paa la anexe linavuja, ndipo akauliza hali ya mgonjwa. Syntiche alimpenda hapo hapo.

“Muuza makala?” Donat alisema. “Haiko famille yako!”

“Njo nguvu yake. Yeye anataka nyumba, miye ninataka mikono. Atakaa kama anafanya kazi. Akiacha, atatoka, tutatafuta mwingine. Usiku atanigeuza yeye. Mchana mama atasaidia kama anaweza. Mwaba atakuja kuangalia mwili yangu. Na mulango wa chumba changu utabomolewa, nipite. Njo plan. Sikuomba hata mumoja wenu aguse mguu yangu, hata asiye na mwiko.”

Chishimba alijitia hamnazo, akatazama kuelekea jikoni ambako harufu ya kuku ilikuwa imeanza kumsumbua.

Donat alisimama. Alivaa kofia yake taratibu, akaja hadi kwenye ukingo wa kitanda, akamwinamia hadi Syntiche akanusa tumbaku yake.

“Sikia muzuri. Umetufukuza na mudomo yako. Siku utakufa, usituite. Hakuna muntu wa Kongolo atakanyaga hapa. Hakuna mwanamuke atakulilia. Kilio yako itakuwa ya muuza makala. Utazikwa kama imbwa.”

Katika mji ule hakuna tusi lililobaki baada ya hilo. Watu wanakiogopa kilio kitupu, msiba usio na watu, kuliko kifo chenyewe; wapo wanaovumilia ndugu wabaya maisha yote ili tu viti vijae siku ile. Mzee Numbi alishika paji la uso. Régine aliziba mdomo kwa pindo la kitenge. Na Syntiche mwenyewe aliogopa, niseme ukweli. Kwa muda mdogo aliyaona maturubai ya msiba yakiwa matupu, akauona udongo. Kisha akamwona Aaron, ambaye kilio chake, alivyosimuliwa, kilijaa watu mpaka barabarani.

“Baba mukubwa,” akasema, “kuzika iko siku moja. Miye ninatafuta bantu ba zile siku zingine zote.”

Donat aligeuka. Akatoka bila kuaga, na baadaye kidogo redio ya uani ilizimwa, na sauti mbili zikasikika zikigombana.

Mzee Numbi alisali sala fupi sana. Chishimba alikula kuku na bukari, ugali wa kwao, akasifu mboga, akafungiwa mapaja mawili ya kupeleka nyumbani. Mlangoni alimpungia Syntiche mkono wenye mafuta.

“Umesema muzuri, mwana. Mutoto wa kwetu kabisa!”

Walipoondoka, Mwaba alikwenda kumwita Bénie. Sebuleni alibaki Régine, akikusanya viti, akivipanga kimoja juu ya kingine. Alikuwa akifanya kazi hiyo kwa makini mno.

“Syntiche,” akasema bila kugeuka. “Pale nilikubali na kichwa...”

“Niliona, mama. Mu kioo.”

Kiti kilibaki hewani mikononi mwa Régine. “Sikuwa ninakukatala. Nilisikia paka neno moja tu. Kupumuzika.”

Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma Syntiche, na hakuona sababu ya kudanganya kwamba haliumi. Bénie aliingia akipangusa makala mikononi kwenye kanga yake, akamtazama mgonjwa, akatazama saa ya ukutani, akauliza maji ya kunawa yako wapi.

“Lala, mama,” Syntiche akasema.

“Saa hii? Jua iko juu.”

“Lala.”

Régine aliweka kiti chini. Alijinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda, na viatu vyake, na kitenge chake bado kimekaza kiuno. Bénie alikuwa hajamaliza kunawa, na Régine alikuwa tayari anakoroma.